Ndoo Elfu Tano

Basi la saa tano liliniacha Digbeth
kwa dakika nne.
"Lijalo ni saa tisa," alisema mwenye koti la njano,
akamgeukia mwingine mwenye shida kubwa kuliko yangu.

Nikauburura mji wote nyuma yangu,
mimi na sanduku lenye gurudumu bovu:
kreni, nyundo, ving'ora, tramu inayokwaruza kona,
mhubiri na spika yake, muuza simu na yake,
Birmingham inafukuliwa kama kaburi la tajiri.
Watu wanapita wameziba masikio,
kila mmoja na ngoma yake, hakuna wa kuicheza.

Nilikuwa natafuta choo tu, nikwambie kweli.
Nikaona ngazi za matofali pembeni ya daraja,
zimeota ukoga wa kijani, zinashuka.
Nikadhani ndipo.

Hapakuwa na choo.
Palikuwa na maji.

Meusi, yametulia kama chai iliyosahauliwa,
mfereji umepita chini ya maghorofa
kama mfuko wa siri ndani ya koti.
Kelele zilibaki juu, zinachungulia ukingoni,
zinaogopa kuteleza.
Korongo wa kijivu amesimama kwa mguu mmoja
na hana ahadi na mtu.

Mimi ni wa Dodoma.
Kwetu maji ni Jumanne na Ijumaa,
ni bomba linalokohoa kabla ya alfajiri,
ni foleni ya madumu na ugomvi wa nani alitangulia.
Sikujua yanaweza kukaa hivi,
bila kazi, bila mwenyewe, bila kufunikwa.

Ikaja mashua nyekundu, nyembamba, ndefu kama korido,
maua ya makopo juu ya paa, moshi kidogo,
na bibi aliyevaa ovaroli.
Glenys. Alinitajia jina kabla hajanisalimu.
"Una mgongo wa nguvu," akasema. "Nisaidie lango."
Akazungusha mpini wa chuma, kitu kikanguruma chini.

Lango lina boriti nene kuliko mtu.
Nikaiegemea, nikasukuma.
Nikasukuma kwa hasira ya basi, ya gurudumu,
ya kaka yangu aliyeko Cardiff,
ambaye hatujasemezana
tangu nyumba ya mama ipigwe mnada.
Boriti haikusogea hata unywele.

"Bado," akasema Glenys, anasokota sigara.
"Maji ya ndani hayajalingana na ya nje.
Hata ukileta kijiji kizima, halifunguki.
Yakilingana, utalisukuma kwa kiuno."

Tukakaa juu ya boriti.
Hapo ndipo niliposikia maji yakitoka, gizani,
na mashua ikizama polepole kati ya kuta zinazotoa jasho:
maua yakawa usawa wa kifua,
yakawa usawa wa goti,
yakawa chini ya viatu vyangu.

Nikahesabu ndoo. Siwezi kuona maji nisihesabu.
Elfu tano na ushei,
zimemwagwa na hakuna aliyegombana,
ili mashua moja ishuke kimo cha mtu.
Nilitaka kukasirika.
Hasira nayo ikachelewa basi lake.

Kisha lango likasogea.
Sikusukuma, niliegemea tu,
nalo likaenda, zito na laini,
kama mtu mzima anayekubali.

Glenys akapunga mkono bila kugeuka.
Ana malango kumi na mawili mbele yake
na wala hana haraka.

Nikabaki na korongo na sanduku.
Nikatoa simu, nikaandika jina la kaka, nikalifuta.
Nikaandika: Niko njiani kuja kwako. Basi limeniacha.

Akajibu kabla sijafika ngazi ya tatu,
kabla kelele hazijanidaka tena:

Umekula?